Siku Nzima ya Mzee Sigei

Rael aliniambia huku akimimina chai, wala birika hakuitua. Tulikuwa sebuleni kwake, mtaa wa Free Area pale Nakuru, vizee watano tuliobaki kati ya wale waliofunzwa na Miss Tapley, tumekutana kwa sababu barua ilikuwa imekuja kutoka Uingereza kusema mwalimu wetu amefariki akiwa na miaka tisini na kitu. Kila mmoja alitakiwa aseme neno juu yake. Wenzangu walisema maneno matamu, mmoja akalia kidogo. Zamu yangu ilipofika nilisema Miss Tapley hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja, nikaketi. Kimya kikaingia, na Rael, ambaye tangu ujana wake hawezi kuvumilia kimya, akacheka, akawaambia wale wengine kwamba Tabitha anajifanya hana la kusema na hali ripoti yake ndiyo iliyosifiwa kuliko zote. "Tena ni mimi niliipiga taipu," akasema. "Ile ya mzee wa ng'ombe. Kurasa kumi na mbili, na kaboni katikati. Vidole viliniuma Alhamisi yote." Nikamuuliza, Alhamisi gani? Akanitazama, nadhani hapo ndipo alipojisikia mwenyewe, na chai ikajaa kikombe ikamwagikia sahani. "Ile," akasema. "Kabla ya ile Jumatatu."

Chai ile sikuinywa. Miaka hamsini na zaidi nimeishi nikiamini kwamba katika jambo lile mimi na Rael tulikuwa upande mmoja, kwamba sote wawili lilituangukia ghafla. Alilia nami Jumatatu ile. Alinishika mkono. Kumbe tangu Alhamisi alikuwa analijua neno kwa neno, na tulilala kitanda kimoja Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, tukala sufuria moja, tukaenda kanisani tukaimba kutoka kitabu kimoja. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nami nguo ile nilikuwa nimeifua kwa mikono yangu na kuianika. Nimekasirika, sifichi. Mwanangu ananiambia, mama, hao watu wamekufa, yaliisha hayo. Wamekufa, ndiyo. Mimi sijafa. Basi acha niyaandike yalivyokuwa, na sehemu yangu pia nitaiandika hata kama itaniuma.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa hamsini na saba. Nilikuwa nimemaliza Form Two, na wasichana wa Form Two siku zile walikuwa wachache kiasi kwamba ukipita sokoni watu wanaonyeshana. Nyuma ya hospitali moja pale Nakuru palikuwa na kibanda cha mbao, paa la mabati, sakafu ya simenti iliyopasuka, na ndani mlinuka katani na mafuta ya kupaka mbao. Hospitali nzima ilikiita kibanda cha vikapu. Madresa, wale wauguzi wa kufunga vidonda, walitucheka: wao wanachoma sindano, sisi tunafuma vikapu na wagonjwa. Lakini Miss Tapley alikuja na somo lake kutoka kwao, somo la kumtibu mtu kwa kazi yake mwenyewe, na alitaka wasichana na wavulana sita aliowachagua walisome mwaka mzima, na mwishoni wapate cheti. Kufikia mwezi wa tatu tulikuwa tumebaki wawili, mimi na Rael. Wengine walichoka kuchekwa. Mimi sikuchoka, kwa sababu nilikuwa nimeona mtu aliyekatwa mguu akisimama mbele ya meza ya seremala kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nimeona uso wake. Miss Tapley alikuwa mrefu, mwembamba, anaendesha baiskeli na kofia ya majani, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani kwa wazungu, kimetupwa tupwa bila mpango, lakini alikisema bila haya. "Daktari nauliza gonjwa iko wapi," alituambia siku ya kwanza. "Sisi nauliza siku yake iko namna gani." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Mtu akiletwa, kabla hujamshika, unakaa naye na kumwuliza siku yake nzima ilivyokuwa kabla hajaumia, tangu anapofungua macho hadi anapoyafumba: anaamka saa ngapi, anafunga kiatu au hafungi, maji anachota wapi, kuni anabeba kwa bega gani, chakula anakula na nani. Ukiijua siku yake yote, utajua ni kipi cha kumrudishia. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na minne na hadi leo sijasikia maneno ya ualimu yaliyo mazuri kuliko hayo, na ndiyo maana nasema aliniumiza.

Mimi na Rael tulipanga chumba kimoja mtaa wa Bondeni. Kitanda kimoja, jiko la makaa mlangoni, sanduku langu na sanduku lake, na msumari mmoja ukutani ambao tuliugombania kwa sababu yunifomu haikutakiwa kukunjika. Jioni tulipika githeri, mahindi na maharagwe, ikatutosha siku mbili, au ugali na kunde, na Jumamosi ikiwa na baraka tulinunua matumbo. Tulifanyiana mazoezi: yeye ananifunga mkono wa kulia kwa khanga, ananiambia haya, songa ugali kwa kushoto, mimi namwagia sakafu, tunacheka mpaka jirani anapiga ukuta. Jirani yetu alikuwa karani wa reli, na ukuta ulikuwa wa mbao, kwa hiyo ndoa yake tuliijua kuliko yeye mwenyewe. Mkewe alikuwa na neno moja alilolirudia kila ugomvi: wewe unanisikiliza ili upate cha kunisema. Tulilichukua neno hilo tukalifanya mzaha wetu. Rael akinibana na maswali juu ya kijana fulani wa duka la dawa, namwambia, wewe unanisikiliza ili upate cha kunisema. Tulikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimpenda Rael, acha niseme wazi, nilimpenda kuliko dada zangu. Alikuwa mwepesi wa mikono, tena alijua taipureta, aliyojifunza misheni, na Miss Tapley alimtumia kuandika barua zake kwa kamati ya hospitali.

Mzee Arap Sigei aliletwa mwezi wa tano na lori la maziwa. Si kwamba alikuwa mzee sana, alikuwa na miaka arobaini na kidogo, lakini sisi tulimwita mzee naye akatuita sista, ingawa sisi hatukuwa masista wa chochote. Alikuwa mkamuaji kwenye shamba la mzungu upande wa Subukia. Mashine ya kukata majani ya ng'ombe ilikuwa imemla mkono wa kulia, daktari akaushona, vidole vyote vikabaki lakini vitatu vilikuwa vikavu, havijikunji. Mkono wa namna hiyo unaweza kumpungia mtu wa mbali, basi. Shamba lile kila mkamuaji alipewa ng'ombe kumi na wawili na alitakiwa amalize kabla jua halijachomoza, na mkono mmoja hauwezi. Mzungu wake, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Soksi kwa sababu ya soksi ndefu alizozivuta hadi magotini hata wakati wa jua kali, alikuwa amempa miezi mitatu. Akipona, arudi kazini. Asipopona, atoke shambani, yeye na mke na watoto watano, maana nyumba, shamba la mahindi na kuni vilikuwa vya mtu anayefanya kazi. Mzee Sigei alinieleza hayo bila kuinua sauti. Aliniuliza tu, "Miezi tatu inatosha, sista?" Nikamwambia inatosha. Sikujua kama inatosha.

Kila Jumanne na Ijumaa lori lilimshusha asubuhi na makopo ya maziwa, likamchukua adhuhuri likirudi. Nilimpa katani asokote, nilimpa mbao apige msasa, nilimpa kitambaa chenye maji akikamue, na vidole vikakataa. Havikuona sababu. Siku moja nilikuwa nafua glavu za mpira za chumba cha upasuaji, zile zilizochakaa, nikaijaza moja maji kuona kama inavuja, nikaiinua, nikatazama vile vidole vya mpira vilivyoning'inia, na nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilitoboa kila ncha kwa sindano, nikaifunga kwenye boriti ya kibanda, nikaweka ndoo chini na kigoda kando. Mzee Sigei alipokuja Ijumaa alisimama mbele ya kile kiwele cha mpira muda mrefu. Kisha akaketi, akaweka paji la uso hewani, mahali ambapo ubavu wa ng'ombe ungekuwa, akaanza kumbembeleza ng'ombe asiyekuwepo kwa lugha yake. Wagonjwa wengine walicheka hadi wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Kidole cha shahada kilijikunja nusu, na mchirizi mdogo wa maji ukagonga ndoo. Miss Tapley alikuwa mlangoni. Aliniita nje, akanishika mabega yote mawili, akasema ripoti yangu ya mwisho wa mwaka imwandike mzee huyu, siku yake nzima, na niandike kwa Kiingereza safi kwa sababu ripoti hiyo ndiyo itakayoamua cheti.

Nilikaa naye Jumanne nne. Alinipa siku yake kidogo kidogo, kama mtu anayefungua mzigo mbele ya mgeni. Saa tisa na nusu usiku anaamka. Anakunywa uji wa jana. Anapita kando ya miti ya miwati, anafika zizini, anaosha viwele kwa maji ya moto. Aliniambia ng'ombe wa Bwana mmoja mmoja kwa tabia zao. Ijumaa iliyofuata kiwele cha mpira kilimwaga maji kwa nguvu mpya, nikashangaa, maana vidole haviendi mbio hivyo kwa kuja mara mbili kwa wiki. Nikamwuliza nyumbani unafanya nini na mkono huu. Akatazama mlango. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba chini kwenye korongo, mwisho wa shamba, ana ng'ombe wanne wake mwenyewe, ambao mkewe anawachunga ndani ya miti. Nilijua maana yake. Watu waliokaa kwenye mashamba yale hawakuruhusiwa ng'ombe, mzungu hakutaka majani yake yaliwe wala ng'ombe wake waambukizwe, na wenye ng'ombe walikuwa wameambiwa wauze zamani. Nyapara alijua na alipelekewa maziwa kibuyu kila wiki. Wale wanne ndio waliokuwa mali yake yote, ndio mahari ya mwanawe wa kwanza. Na tangu mwezi uliopita, alisema, asubuhi baada ya watu kwenda kazini anashuka korongoni kuwakamua yeye mwenyewe, polepole, kujaribu mkono mahali ambapo Bwana hamwoni. Hilo lilimtia haya kuliko hata kuwaficha. Kwa Bwana kukamua ni kazi ya mshahara. Kwao, mwanamume mzima akiketi chini ya ng'ombe wake na mke yupo nyumbani, watu watamtungia wimbo. "Hiyo nimeambia wewe," akasema. "Sijaambia karatasi."

Niliandika. Ningependa kusema nilikosa usingizi, lakini sikukosa. Niliandika kwa sababu ndicho kilichokuwa kiini cha siku yake: mkono haukuponywa na katani yetu wala na glavu yangu, uliponywa na wale ng'ombe wanne. Ripoti isiyo nao ilikuwa uongo, na Miss Tapley alikuwa ametufunza kwamba ripoti yenye shimo haimsaidii mtu. Na niliandika kwa sababu nilitaka kuwa wa kwanza. Hata hivyo nilimwendea kwanza. Nilimwambia Miss, mzee huyu ameniambia jambo ambalo shambani kwake halitakiwi kujulikana. Aliweka kalamu chini. "Tabitha, hii ripoti ni ya kibanda," akasema. "Mimi nasoma, wewe nasoma, kwisha. Hapana toka hapa." Akaliweka neno hilo mkononi mwangu kama mtu anayenipa ufunguo. Yeye alikuwa mzungu pekee pale aliyekunywa chai nasi, kwenye vikombe vyetu vya bati, akaketi kwenye gogo letu. Nani angemtilia shaka? Nikaandika ukurasa wa tisa wote, na korongo, na miti, na idadi.

Tulikuwa na desturi moja zaidi pale kibandani, desturi ya Miss Tapley mwenyewe. Ripoti ikimalizika, mgonjwa anasomewa. Ni siku yake, alisema, hatuwezi kuichukua bila yeye kuiona. Basi Jumanne moja nilimketisha Mzee Sigei kwenye kigoda, nikamfasiria ukurasa kwa ukurasa. Alisikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Nilipofika uji wa jana alitabasamu. Nilipofika tabia za ng'ombe wa Bwana alinisahihisha mahali pawili, nami nikaandika. Nikafika ukurasa wa tisa, nikaufungua, nikaona maandishi yangu mwenyewe, nikafungua wa kumi. Sauti yangu haikutetemeka. Aliposikia mwisho alisema, "Ni hivyo. Hiyo ndiyo siku yangu." Akaweka dole gumba lake la mkono wa kulia, lile ambalo halikukauka, kwenye wino na kwenye karatasi.

Nilimkabidhi Miss Tapley ripoti Jumatano. Alhamisi, sasa najua, alimpa Rael aipige taipu nakala mbili, akamwambia asinieleze maana anataka kunifurahisha. Ijumaa nakala moja ilikuwa mkononi mwa Bwana Soksi. Yeye alikuwa mmoja wa wazungu wa kamati, tena ndiye aliyekuwa akipinga kibanda chetu kujengwa upya kwa mawe, akisema ni upuuzi wa vikapu. Jumatatu, kabla ya adhuhuri, dereva wa lori la maziwa alisimama mbele ya kibanda, ingawa haikuwa siku ya kumleta mgonjwa. Hakuzima injini. Alituambia asubuhi ile Bwana alishuka korongoni yeye mwenyewe na askari wawili wa shamba, moja kwa moja, karatasi mkononi, bila kuuliza njia, akawakuta mke wa Sigei na ng'ombe wote wanne. Ng'ombe wameswagwa kwenda kuuzwa. Nyapara amefukuzwa. Sigei na watu wake wamepewa mpaka jua litakapotua. "Alijua idadi," dereva akasema. "Alikuwa anahesabu kwa vidole, moja, mbili, tatu, nne, halafu akasema basi." Rael alinishika mkono akaanza kulia, nami nikashukuru kwamba nina mtu.

Miss Tapley nilimkuta akipanga nyuzi. Sikubisha hodi. Nilimwuliza ripoti iko wapi, akaenda kabatini akanionyesha ile niliyoandika kwa mkono, na ubavuni mwa ukurasa wa tisa alikuwa amepiga mstari mwekundu na kuandika kwamba ni kazi bora kabisa. Nikamwuliza, basi Bwana ameshika karatasi gani. Hapo akakaa. Nampa haki yake: hakusema uongo. Alisema alitaka Bwana aone kwa macho yake kwamba mkono unafanya kazi, na ukurasa wa tisa ndio uliothibitisha, ndipo mkono unakamua ng'ombe wa kweli. "Mimi nafikiri yeye tasoma mkono," akasema. "Hapana fikiri yeye tasoma ng'ombe." Machozi yalimtoka, mashavu yakawa mekundu. Nimelitafakari jibu hilo miaka yote hii. Alikuwa amekaa miaka minne na wazungu wa mashamba, anakula Jumapili mezani kwao. Hakujua wakiona neno ng'ombe wanasoma nini? Huenda hakujua. Watu wema wanaweza kutojua mambo ya ajabu kabisa wakiwa na haja na kutojua. Ninachokijua ni kwamba aliniambia haitatoka, na ikatoka. Nani aliinakili sikuuliza, nilidhani ni yeye mwenyewe. Na kabla mwaka haujaisha wajenzi walikuja na mawe.

Rael nilimwuliza juzi, wengine walipokwisha kuondoka, kwa nini hakuniambia. Yeye ni mtu wa kwao Sigei, lugha yao moja. Alipokuwa akipiga zile herufi alijua ng'ombe wanne ni nini kuliko mimi, na Miss Tapley ndiye aliyempa anwani ya Bwana Soksi ya kuandika kwenye bahasha. Alikuwa akisugua kile kisahani chenye chai iliyomwagika, anasugua mahali palipo pasafi. "Niliogopa, Tabitha," akasema. "Ningesema, ningerudishwa nyumbani. Na wewe pia ulikuwa umeandika." Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Hakukosea, na hilo ndilo lililonitoa mbio.

Wiki mbili baada ya ile Jumatatu, dereva wa lori aliniambia Sigei yuko upande wa Kabazi, amejibanza kwa shemeji yake anayefanya kazi shamba jingine. Nikamwomba anibebe. Nilijiambia naenda kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno barabarani kote, nimeyarudia chini ya mlio wa makopo matupu, na maneno yenyewe yalikuwa mafupi: mzee, ni mimi niliyeandika, nikakuruka nilipokusomea. Niliwakuta kwenye kibanda cha kuhifadhia mahindi ambacho shemeji alikuwa amewaazima. Watoto walikuwa wamekaa juu ya masanduku. Mkewe, mama mwembamba ambaye sikuwahi kumwona kabla, alinitazama mara moja tu akarudi kuchochea moto, na salamu yangu hakuiitikia. Mzee Sigei alikuwa akipasua kuni. Aliniona, akaweka shoka, na kabla sijafungua kinywa alinyoosha mkono wa kulia mbele yangu, kama alivyokuwa akifanya kila Jumanne, nimpime. Nikaushika, kwa mazoea. Nikamwambia funga. Akafunga. Vidole vyote vitatu vikajikunja hadi kwenye kiganja, ngumi kamili, nikajaribu kuifungua nikashindwa. Katika mwaka ule mzima sikupata matokeo mazuri kuliko hayo. "Mkono imepona, sista," akasema. Alikuwa ameomba kazi ya kukamua katika mashamba matatu, na kote walikuwa wameshaambiwa habari zake.

Akanipa kigoda, naye akakaa juu ya gogo. Alitazama moto kidogo. "Nataka kuuliza wewe kitu moja," akasema. "Mama hapa anasema ni wewe. Tangu tutoke kwa Bwana anasema ni ile msichana wa hospitali, ni yeye nilifungulia mdomo. Mimi namwambia hapana. Huyu alinisomea hiyo karatasi yote, mwanzo mpaka mwisho, nikasikia na masikio yangu. Ng'ombe yangu haikuwa ndani. Nikaweka kidole." Akanigeukia. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, wa mtu anayeomba kubakiziwa kitu kimoja tu. "Ni ile mzungu aliongeza nyuma. Si ndiyo?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni yeye aliongeza."

Akashusha pumzi. Akamgeukia mkewe akamwambia maneno machache kwa lugha yao, bila kumringia wala kumkemea, na ingawa sikuelewa hata neno moja, niliona uso wa yule mama ukibadilika. Aliinuka, akafuta kikombe kwa pindo la nguo yake, akanimiminia chai, akanipa kwa mikono yote miwili. "Pole, msichana yangu," akasema. "Maziwa hakuna." Nikainywa yote, na alipoinua sufuria kuniongeza, nikanyoosha kikombe.